Waraka wa Picha Hausikiki



Mimi ni karani nisiyeona. Natumia NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye pia haoni. Inatolewa bure, kwa hiyo gharama si kisingizio.

Kinachotukwamisha ni namna kazi inavyoandaliwa. Juzi nililetewa waraka wa likizo uliopigwa skani. Kwa mwenye macho ni maandishi. Kwa programu yangu ni picha tupu, haina hata neno moja la kutamka. Ikabidi mwenzangu anisomee mambo yangu binafsi. Iliniuma sana. Na mfumo wetu mpya wa malipo umejaa vitufe visivyo na majina: nasikia “kitufe, kitufe, kitufe”, nisijue kipi kinahifadhi na kipi kinafuta.

Watengenezaji, kipeni kila kitufe jina, na kila kazi iwezekane kwa kibodi bila kipanya. Makatibu muhtasi, tutumieni faili lenyewe la Word, si picha yake. Nanyi wakuu wa ofisi, kabla ya kuulipia mfumo wowote, tuiteni sisi tusioona tuujaribu.

Karani asiyeona,
Dodoma