Mizani ya kodi ya dunia isishikwe na upande mmoja

MKULIMA wa mahindi aliyewahi kuuza kwa lumbesa anajua kuwa bei nzuri haimsaidii kitu kama gunia linapimwa na mnunuzi. Likishawekewa kilemba, debe zima linaweza kwenda bure hata kama bei iliyotangazwa sokoni ni ya haki.

Biashara ya kimataifa nayo ina lumbesa yake. Tofauti ni kwamba huko anayepunjika ni hazina ya nchi, na wananchi wengi hawaoni pengo hilo mpaka zahanati ikose dawa au barabara ya kijijini ikose greda.

Lumbesa hiyo iko kwenye bei ambayo kampuni huuziana na ndugu yake. Chukua mfano wa kampuni inayotumia dola 90 kuzalisha tani moja ya bidhaa. Sokoni tani hiyo ni dola 140, lakini kampuni inaiuza kwa dola 100 kwa kampuni ndugu iliyoko nchi yenye kodi ndogo, nayo ndiyo inayouza kwa dola 140. Mzigo wenyewe huenda usikanyage kabisa nchi hiyo. Vitabu vya hesabu vitaonyesha faida ya dola 10 badala ya 50. Kwa kodi ya mapato ya asilimia 30, serikali itapata dola 3 badala ya 15.

Haya si ya kufikirika. Hapo jirani Zambia, mamlaka ya mapato ilikagua hesabu za mgodi wa shaba wa Mopani, wakati huo ukimilikiwa kwa sehemu kubwa na kampuni ya Glencore ya Uswisi. Ilidai kuwa kati ya mwaka 2006 na 2009 mgodi uliiuzia Glencore shaba kwa bei ya chini kuliko waliyolipa wanunuzi wasio na undugu nao. Kampuni ilipinga, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ambayo Mei 2020 iliipa ushindi mamlaka hiyo. Kodi iliyohusika ilikuwa kwacha milioni 240, karibu dola milioni 13 za Marekani.

Kesi hiyo inafundisha mawili. Kwanza, nchi ya Kiafrika yenye wakaguzi wanaojua kazi yao inaweza kushinda. Pili, ilichukua zaidi ya miaka 10 tangu shaba iuzwe hadi haki ipatikane. Mwenye duka dogo hapewi muda wa namna hiyo. Akichelewesha makadirio yake, adhabu inaanza kuhesabiwa.

Ikumbukwe kuwa pengo la kodi halibaki wazi. Wakubwa wasipolijaza, litajazwa na wasioweza kuhamisha faida yao kwenda popote: mnunuzi wa sabuni na sukari, mwenye bodaboda anayelipia kodi ndani ya bei ya petroli, na mkulima. Mwaka 2017 Tanzania ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Nafuu ya aina hiyo ni vigumu kudumu kama halmashauri hazipati fedha za kutosha kutoka hazina, kwa sababu zikikwama zitarudi kwenye kizuizi cha mazao barabarani.

Jopo la Umoja wa Afrika lililoongozwa na Rais mstaafu wa Afrika Kusini, Thabo Mbeki, lilikadiria mwaka 2015 kuwa Afrika hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha kutoroshwa isivyo halali, sehemu kubwa kupitia shughuli za kibiashara. Nayo Ripoti ya Ukosefu wa Usawa Duniani ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 10 ya watu matajiri zaidi wanamiliki asilimia 76 ya mali yote duniani, wakati nusu ya watu wote walio chini wanagawana asilimia 2.

Kwa miaka mingi kanuni za kodi ya kimataifa zimeandikwa zaidi na OECD, umoja wa nchi zenye uchumi mkubwa wenye makao yake Paris, ambao hauna hata mwanachama mmoja wa Afrika. Mwaka 2021 zaidi ya nchi 130 zilikubaliana kuwa kampuni kubwa kabisa zilipe kodi isiyopungua asilimia 15. Kenya na Nigeria zilikataa kutia saini wakati huo, zikiona manufaa yake kwao ni madogo.

Ndiyo maana Novemba 2023 nchi za Afrika, zikiongozwa na Nigeria, zilipeleka hoja Umoja wa Mataifa ili uandaliwe mkataba wa kodi wa dunia nzima. Nchi 125 ziliunga mkono na 48 zilipinga. Marekani ilijitoa kwenye mazungumzo Februari 2025, lakini wengine waliendelea, wakilenga kumaliza mwaka 2027. Mezani yapo masuala mawili makubwa: kampuni za kimataifa zilipe kodi pale zinapofanyia kazi, na matajiri wakubwa watozwe ipasavyo.

Si kila mwekezaji ni mdanganyifu, na nchi zetu bado zinahitaji mitaji. Lakini mfanyabiashara mwaminifu, mgeni au mzawa, naye huumia akishindana na anayekwepa kodi.

Kwa mantiki hiyo, serikali za Afrika Mashariki ziende kwenye mazungumzo hayo na msimamo mmoja, na zipeleke wataalamu wa kodi pamoja na mabalozi. Mamlaka za mapato ziongezewe wakaguzi wa bei za madini, kahawa na pamba, mazao ambayo bei zake za dunia hutangazwa kila siku. Aidha, mikataba ya kodi baina ya nchi na nchi ijadiliwe bungeni hadharani kabla ya kutumika. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha mkataba wa nchi hiyo na Mauritius kwa sababu haukufuata utaratibu wa kufikishwa Bungeni.

Mwisho, fedha zitakazookolewa zionekane. Mkulima aliyeambiwa kuwa wakubwa sasa wanalipa ana haki ya kuona greda kijijini kwake na ushuru mdogo kwenye gunia lake. Asipoviona, atakuwa amebadilishiwa tu mwenye kushika mizani.