Maji yakipungua Zambezi, mtumbwi na mtambo hukwama pamoja

WASAFIRI wanaoteremka Mto Zambezi kwa mitumbwi kutoka Chirundu kuelekea Mana Pools, Zimbabwe, hutegemea kitu wasichokiona: mitambo ya umeme ya Bwawa la Kariba, lililo upande wa juu wa mto.

Tangu bwawa hilo lianze kujazwa mwaka 1958, mto haufuati tena mvua pekee. Sehemu kubwa ya maji yapitayo hapo ni yale yaliyokwisha kuzungusha mitambo ya Zambia na Zimbabwe. Uzalishaji ukipunguzwa, mto nao hushuka.

Hali hiyo ilidhihirika Novemba 2022, Mamlaka ya Mto Zambezi ilipoiagiza Zimbabwe kusitisha uzalishaji upande wake, baada ya maji yanayoweza kutumika kushuka chini ya asilimia tano. Ukame wa mwaka 2024 ukaongeza pigo; Februari mwaka huo Zambia ilitangaza janga la kitaifa.

Kwa mpiga kafi, adha haiishii katika kuuburuta mtumbwi juu ya fungu la mchanga. Waongozaji humfundisha kuambaa penye kina kifupi, kwa kuwa kiboko akishtuka hukimbilia kilindini. Mto unaponywea, kilindi hubaki mkondo mmoja mwembamba, na mtumbwi uliokosa maji kando hulazimika kupita humo humo alimo mnyama.

Wapo watakaotaka maji zaidi yafunguliwe ili kuinusuru Mana Pools, eneo la Urithi wa Dunia tangu 1984. Lakini maji yanayofunguliwa leo hayatazalisha umeme kesho, na Zambia hutegemea maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake. Mwaka 2024 wakazi wengi wa miji yake walipata umeme kwa saa chache tu kwa siku.

Tanzania nayo ina la kujifunza. Mwaka 2006, kupungua kwa maji ya Mtera kulichangia mgawo mkali wa umeme. Sasa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeziba Mto Rufiji, ambao chini yake watalii hutembezwa kwa boti.

Kiwango cha chini ambacho mto hautashushwa kinapaswa kuamuliwa mapema, bwawa lingali limejaa. Kukijadili siku ambayo mitumbwi imekwama mchangani na taa zimezimika mjini ni kuchelewa.