UCHANGANUZI: Umeme wa taa hautoshi karakana za Kitengela
MIJENGO inayochipuka Kitengela, Kaunti ya Kajiado, inahitaji milango, kabati na vitanda. Hata hivyo, seremala mwenye karakana nyumbani angali anakabiliwa na kizingiti cha umeme.

Nyumba nyingi huunganishiwa fezi moja ya volti 240, ilhali mashine kubwa za kuranda na kupasua mbao huhitaji fezi tatu, volti 415.

Kifaa cha kugeuza fezi moja kuwa tatu husaidia, lakini aghalabu hutoa volti 240 pekee. Mota isiyokubali kiwango hicho hukosa nguvu.

Mradi wa Last Mile, ulioanzishwa 2015, ulilenga kufikisha umeme majumbani. Sasa kipimo cha ufanisi hakina budi kuwa ajira, wala si idadi ya mita. La sivyo, kazi zitaendea wenye viwanda vikubwa.