UCHAMBUZI: Utabiri wa Jua wakwama chimbuko la sumaku yake likizua ubishi

JOPO la wataalamu lililoteuliwa na mashirika ya Marekani, NASA na NOAA, lilitabiri mnamo Desemba 2019 kuwa duru ya 25 ya Jua ingekuwa ya upole. Idadi ya madoa meusi usoni mwake, walisema, ingefika kilele cha 115 Julai 2025. Jua halikuwatii. Kilele kiliwadia Oktoba 2024 na idadi ikakaribia 160. Kundi jingine lililoongozwa na Scott McIntosh lilikuwa limebashiri 233 mwaka 2020. Nalo pia lilikosa shabaha.

Makosa hayo si ya kupuuzwa. Madoa hayo ni mahali ambapo uga wa sumaku umebanana mno, kama alivyobaini George Ellery Hale mwaka 1908, na ndiko hutokea milipuko inayozua dhoruba za sumaku duniani. Machi 1989, dhoruba ya aina hiyo iliwanyima umeme watu milioni 6 mkoani Quebec, Kanada, kwa takriban saa 9. Februari 2022, dhoruba hafifu tu iliangusha hadi setilaiti 40 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa punde, mtandao ambao umekuwa ukitumiwa na Wakenya tangu 2023. Kisha Mei 10, 2024 ikaja dhoruba kali kuliko zote tangu 2003, na matrekta yanayoongozwa kwa setilaiti yakakwama mashambani Marekani katikati ya msimu wa kupanda.

Ugumu wa kutabiri unatokana na jinsi sumaku hiyo inavyoundwa. Jua ni gesi yenye joto kali kiasi cha kupitisha umeme. Mwaka 1919 Joseph Larmor alipendekeza kuwa mwendo wa gesi hiyo huligeuza Jua kuwa dainamo, mithili ya ile ya baiskeli, ila hii hujikuzia sumaku yake yenyewe.

Kazi hiyo huhitaji mambo mawili. Kwanza ni tofauti ya kasi. Ikweta ya Jua hukamilisha mzunguko kwa siku 25 hivi, ilhali karibu na ncha huchukua siku 35. Nyuzi za sumaku zilizonaswa katika gesi huvutwa na kulizunguka Jua kama uzi kwenye kibiringo, na kadiri zinavyonyooshwa ndivyo zinavyopata nguvu. Hata hivyo, mvuto huo pekee hauwezi kuzirejesha katika mkao wake wa kaskazini na kusini. Hapo huingia msukosuko. Gesi huchemka kama uji chunguni, ikipanda na kushuka, huku mzunguko wa Jua ukiisokota. Eugene Parker alionyesha mwaka 1955 kuwa misokoto hiyo midogo, ikijumlishwa, huujenga upya uga mkubwa. Ajabu ni kwamba fujo ndiyo inayozaa mpangilio.

Ubishi uliopo ni kuhusu mahali. Kwa muda mrefu wengi waliamini kazi hiyo hufanyika kina cha kilomita 200,000 hivi, gesi inayochemka inapopakana na tabaka tulivu. Siku chache baada ya dhoruba ya Mei 2024, Geoffrey Vasil wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hesabu zinazoelekeza kidole kwenye kilomita 32,000 za juu, ambako kasi pia hubadilika upesi. Dai hilo lina uzito, kwani mikondo inayobadilika sambamba na duru imeonekana karibu na uso. Lakini hesabu zenyewe zilirahisisha mno msukosuko.

Maabara nazo hazijaamua. Huko Cadarache, Ufaransa, sodiamu iliyoyeyushwa ilikorogwa mwaka 2006 hadi ikajizalishia sumaku, ila tu makasia ya kuikorogea yalipokuwa ya chuma. Jua halina makasia.

Kwa sasa, kipimo kinachotegemewa zaidi kutabiri duru ijayo ni nguvu ya sumaku kwenye ncha za Jua, ambazo kutoka duniani huonekana kwa upembe tu. Machi 2025, chombo cha Ulaya, Solar Orbiter, kilipiga picha za ncha ya kusini kutoka nyuzi 17 chini ya ikweta ya Jua, na kukuta sumaku za pande zote mbili zimechanganyika. Kimepangiwa kufika nyuzi 33 mwaka 2029, duru ya 26 ikikaribia kuanza.