Akitoka ni msaliti, akija ni shujaa: kwa nini vyama vyetu hubadili maneno

Kila msimu wa siasa unapokaribia, ujumbe mfupi unaotufikia kutoka Maguu, Litembo na hata kule Mbamba Bay huwa na swali moja: hawa wanaotukanana jukwaani leo, mbona kesho tunawaona wamekumbatiana? Wanaouliza si wa upande mmoja. Wenye kofia za kijani wanalalamika, na wenye magwanda wanalalamika. Leo tunajaribu kulijibu kwa mambo yaliyotokea mbele ya macho ya wote.

Tuanze na marehemu Edward Lowassa, kwa sababu kisa chake kinavigusa vyama vyote viwili vikubwa.

Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma majina ya viongozi 11 aliowaita mafisadi. Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikuwemo. Waliotajwa walikanusha, na wengine wakatishia kwenda mahakamani. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilitoa taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, na Lowassa akajiuzulu. Yeye alishikilia kwamba hakutenda kosa, na hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa jambo hilo. Hilo ni vizuri likumbukwe, maana hapa hatumhukumu Lowassa. Tunawatazama waliomhukumu.

Kwa miaka saba baada ya kujiuzulu, CCM ilikaa naye. Alibaki mbunge wa Monduli na akaongoza kamati nyeti ya Bunge. Mwaka 2011 chama kilitangaza kwamba kinajivua gamba kama nyoka, yaani watuhumiwa wa ufisadi wapishe wenyewe. Rostam Aziz aliondoka. Lowassa hakuondoka, na gamba likabaki mwilini. Kilichomtoa hatimaye hakikuwa Richmond, bali kukatwa kwa jina lake Dodoma, Julai 2015, alipoomba kugombea urais.

Tarehe 28 Julai 2015 akapokelewa CHADEMA, na baada ya siku chache akawa mgombea urais wa vyama vya UKAWA. Wale wale waliozunguka nchi nzima kwa miaka minane wakimtaja kama mfano wa uozo, sasa walizunguka nchi nzima wakimnadi. Aliyeuliza kuhusu Mwembeyanga aliambiwa kwamba mwenye mfumo ni CCM, na mtu akishatoka kwenye mfumo amesafika. Dk. Slaa alikataa hoja hiyo akajitoa. (Mwaka 2017 naye aliteuliwa kuwa balozi na Rais wa CCM, kwa hiyo wapo wanaosema hata yeye hakubaki katikati.) Lowassa alipata kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40.

CCM je? Katika kampeni zile makada wake waligeuka wahubiri wakali dhidi ya ufisadi wa mtu waliyekuwa wamekaa naye meza moja hadi mwezi uliotangulia. Halafu, tarehe 1 Machi 2019, Lowassa akarudi CCM mbele ya Mwenyekiti wake, Rais John Magufuli, akisema amerudi nyumbani. Akapigiwa makofi. Hakuna aliyesimama kueleza yale maneno ya 2015 yamekwenda wapi. CHADEMA nao, waliosema amesafika, wakaanza kumwona mzigo uliowapungukia. Alipofariki Februari 2024 alizikwa Monduli kwa heshima za kitaifa.

Tazama jambo hili kama unavyotazama mizani ya AMCOS. Karani akipima kahawa ya ndugu yake inasoma kilo 60, na gunia hilo hilo likiletwa na jirani asiyempenda linasoma 48, hutasema kahawa imebadilika. Utasema mizani imechezewa.

Msidhani ni ugonjwa wa Kiafrika. Kule Marekani, Februari 2016, jaji wa Mahakama ya Juu Antonin Scalia alifariki miezi kadhaa kabla ya uchaguzi. Chama cha Republican kilichokuwa na wingi katika Seneti kilikataa hata kumsikiliza jaji aliyependekezwa na Rais Barack Obama, kikisema wananchi waamue kwanza kwa kura. Septemba 2020 akafariki jaji Ruth Bader Ginsburg. Safari hii Rais alikuwa wao, Donald Trump, na jaji mpya akathibitishwa siku 8 tu kabla ya siku ya uchaguzi. Wa Democratic nao waligeuka: 2016 walisema kiti kisikae wazi, 2020 wakasema kisubiri kura. Wamarekani wengi wanavichoka vyama vyote viwili kwa sababu hiyo hiyo inayowachosha wasikilizaji wetu.

Lakini kwetu kuna kitu cha ziada, nacho ni Katiba. Ibara ya 67 inataka kila mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa nacho. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompa ubunge, kiti chake kinakuwa wazi. Maana yake ni kwamba kura unapiga wewe, lakini hatimiliki ya kiti inakaa ofisi ya chama.

Kanuni hiyo ndiyo iliyotuletea wimbi la "kuunga mkono juhudi" kuanzia mwishoni mwa 2017. Maulid Mtulia wa CUF aliacha ubunge wa Kinondoni akahamia CCM, na Dk. Godwin Mollel wa CHADEMA akafanya hivyo hivyo Siha. Februari 2018 wananchi waliitwa tena vituoni, na watu wale wale wakarudi bungeni wakiwa na shati jingine. Baadaye ikawa Ukonga, Monduli na huko Liwale mkoani Lindi. Fedha za kurudia uchaguzi zilikuwa za walipa kodi, pamoja na mkulima anayekatwa kwenye kilo zake. CCM iliita jambo hilo uzalendo, CHADEMA ikaliita usaliti na kununuliwa. Ni CHADEMA ile ile iliyokuwa imewapokea kwa shangwe mwaka 2015 makada wa CCM waliokosa walichokitaka huko kwao. Nao CCM mwaka 2020 walimfukuza Bernard Membe uanachama, akagombea urais kwa ACT-Wazalendo, na mwaka 2022 wakamrudisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote kwetu ni wa viti maalumu. Julai 2017 CUF, upande wa Profesa Ibrahim Lipumba katika mgogoro wake na Maalim Seif, iliwafukuza wabunge wanawake 8. Ndani ya siku chache Spika Job Ndugai alitangaza kwamba viti vyao viko wazi, na wengine wakateuliwa. Novemba 2020 CHADEMA ikawafukuza wanawake 19, akiwemo Halima Mdee, walioapishwa bila baraka za chama. Katiba ilikuwa ile ile, na Spika yule yule. Mara hii viti havikuwa wazi. Mei 2022 Baraza Kuu la CHADEMA lilitupilia mbali rufaa zao, likaja suala la kesi mahakamani, na wakaendelea kukaa bungeni hadi Bunge lilipofikia ukomo mwaka 2025.

CHADEMA walikuwa na haki ya kulalamika hapo, tunaona hivyo. Ila chama kilichodai miaka yote ukomo wa madaraka kwa wengine kiliongozwa na mwenyekiti mmoja, Freeman Mbowe, tangu 2004 hadi Januari 2025, Tundu Lissu alipomshinda kwa kura 513 dhidi ya 482. Miezi michache baadaye, tarehe 9 Aprili 2025, Lissu alikamatwa hapa hapa Mbinga baada ya mkutano wa hadhara na kufunguliwa kesi ya uhaini. Chama chake hakikuwa kwenye karatasi za kura Oktoba ile. Tunalitaja kwa sababu kupima vyama kwa mizani moja si kusema vina nguvu sawa. Mwenye dola akigeuka maneno, mtu anaweza kulala rumande. Asiye na dola akigeuka, anapoteza heshima.

Njia ya kupunguza mchezo huu iliwahi kuandikwa. Rasimu ya Katiba ambayo Tume ya Jaji Joseph Warioba iliikabidhi tarehe 30 Desemba 2013 iliruhusu mgombea binafsi, iliweka ukomo wa vipindi vitatu kwa mbunge, na iliwapa wapiga kura uwezo wa kumwondoa mbunge wao kabla ya muda. Mapema mwaka huo, mwezi Juni, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilikuwa imeamua katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Aprili 2014 UKAWA walitoka nje ya Bunge Maalumu. Waliobaki, wengi wao CCM, waliondoa ukomo wa vipindi na ule uwezo wa kumwondoa mbunge. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na hadi leo haijapigwa.

Kwa hiyo mpiga kura wa Maguu anayeona mbunge wake amegeuza kauli anasubiri miaka mitano. Chama cha mbunge huyo kinaweza kumvua uanachama kwa kikao cha siku moja, na kama kiti kitakuwa wazi au la itategemea Spika anaisomaje Ibara ya 71 siku hiyo.