Kunyamaza mu chumba cha mahututi kunaua

Bandugu na badada, vijana wenzetu wa Beni na Butembo,

Kila mara mugonjwa akikufa mu chumba cha mahututi, familia inaambiwa: "Ni mapenzi ya Mungu." Sisi tunasema hapana! Mungu hamalizake oksijeni usiku. Mungu haandikake dawa ya mutu mwingine ku fishi yako.

Diplome tuko nazo, kazi hatuna. Basi ni sisi tunakesha ku korido, tukilinda wagonjwa wetu. Usiku moja tuliona muuguzi mumoja na vitanda sita. Alikosea kipimo cha dawa. Kwa bahati, mugonjwa alipona. Asubuhi tulimuuliza kama aliandika lile kosa. Akajibu: "Nikiandika, batanifukuza. Na primu yenyewe hatuyapata."

Mama yule si adui yetu. Adui ni woga. Kosa lililofichwa leo litarudi kesho ku kitanda kingine.

Marekani, mu jimbo la Michigan, vyumba vya mahututi zaidi ya 100 vilifuata hatua 5 tu wakati wa kuingiza mupira mu mushipa mukubwa: kunawa mikono, kusafisha ngozi na dawa, kufunika mugonjwa vizuri, kuepuka mushipa wa paja, kutoa mupira usiohitajika tena. Na muuguzi alikuwa na haki ya kusimamisha daktari akiruka hatua. Matokeo yalichapishwa 2006: maambukizi ya damu yalipungua hadi 66 kwa mia. Siri ilikuwa nini? Sabuni, dawa, na muuguzi asiyeogopa kusema.

Watatuambia: "Inchi iko mu vita, pesa hakuna." Vita haikatazi kuandika kosa mu daftari! Na pesa, Abuja 2001 viongozi wa Afrika waliahidi 15 kwa mia ya bajeti kwa afya. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu kinahakikisha haki ya afya. Hatuombi zawadi.

Tunadai:
1. Anayetangaza kosa lake asiazibiwe. Anayeuza dawa ya mugonjwa, huyo ahukumiwe.
2. Oksijeni ihesabiwe kila zamu.
3. Familia iambiwe ukweli.
4. Wauguzi walipwe!

Na wewe unayelinda mugonjwa: uliza, andika, usiogope. Leo ni mama ya mwenzako. Kesho ni wako.