Dairekta, Nani Anakuambia Hapana?

Wasee, niseme tu hivi: ukiongoza komedi ya jukwaani na wewe mwenyewe uko ndani unaigiza, lazima kuwe na mtu mwingine aliye na ruhusa ya kukukata. Si kukushauri. Kukukata.

Mimi hufanya hizo kazi mbili hapa Nakuru na siachi hata moja. Vikundi vyetu ni vidogo, doo ni ile ya mlangoni, na mara nyingi anayeongoza ndiye pia anajua mistari ya kila mtu. Kwa hivyo mtu wa Nairobi akiniambia "chagua moja", naona anaongea kama mtu mwenye bajeti. Hata Molière aliandika, akaongoza na akaigiza, na kabla ya kurudi Paris mwaka wa 1658 alikuwa amezunguka na kundi lake mikoani Ufaransa kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka wa 1673 alikuwa stejini akicheza mtu anayejidhania mgonjwa, kumbe yeye mwenyewe anaumwa kweli. Alikufa usiku huohuo. Manze, utani kama huo hakuna dairekta angeupitisha.

Shida iko kwa kicheko. Umetupa mstari, watu wamecheka, unaongeza mwingine ambao haumo kwa skripti. Wamecheka tena, unarudia ile sura. Dakika mbili zimeenda, na yule binti anayecheza mfanyakazi wa nyumbani bado amesimama mlangoni na trei yake, anangoja zamu yake ya kuongea. Mwigizaji mwingine akifanya hivyo, dairekta anamwita kando baada ya shoo. Sasa wewe nani atakuita? Huyo binti ana miaka 19 na ni wewe ulimpa hiyo nafasi. Atakuambia tu ilikuwa noma.

Mazoezini, mpe mtu mwingine asome mistari yako, wewe uende ukae viti vya nyuma kabisa. Kujirekodi na simu husaidia kuona umesimama wapi na umempa nani mgongo. Lakini simu haicheki, kwa hivyo haiwezi kukuonyesha ni mstari gani utamezwa na kicheko. Hapo unahitaji watu. Siku mbili kabla ya shoo, alika watu 10 kutoka Shabab au Free Area, na wasiwe mabeste wako. Ndiyo utajua kama ule mzaha wa jam ya Thika Road uliokuja na skripti una kazi yoyote hapa.

Na yule wa kukukata, mtafute mapema, kabla hata ya kugawa nafasi. Akisema dakika mbili zitoke, zitoke, hata kama ndizo unazipenda zaidi. Mkigawana pesa za mlangoni apate fungu lake kama mwigizaji yeyote, na jina lake liwe kwa posta.